Boulder siyo Kijitonyama: Tunajuaje kama msaada kwa kampuni changa unasaidia?

Ukifuatilia habari za ubunifu hapa Tanzania utakuwa umeiona ile picha. Mgeni rasmi kasimama upande mmoja, kijana mwenye fulana ya kampuni yake upande wa pili, na katikati yao mfano wa hundi uliochapishwa kwenye ubao mkubwa. Maelezo chini ya picha yanataja kiasi cha fedha, jina la mdhamini na idadi ya walioomba. Miaka mitatu baadaye ni nadra kukuta habari nyingine inayotuambia ile kampuni iko wapi, imeajiri wangapi, au ilifungwa lini na kwa sababu gani.

Leo nataka tuhakiki wazo lililo nyuma ya picha hiyo. Yaani wazo kwamba jumuiya ya kampuni changa za teknolojia (startapu, kama wengi tunavyoziita) inajengwa kwa kukutanisha watu, kuwapa ukumbi, kuwapa mafunzo, kuwashindanisha na kuwapa zawadi. Wazo hili lina kitabu chake. Kinaitwa Startup Communities, mwandishi ni Brad Feld, mwekezaji wa Marekani, na kilitoka mwaka 2012. Huenda hujakisoma, ila kama umehudhuria warsha mbili tatu za ubunifu Dar es Salaam au Arusha umeshayasikia maneno yake.

Kitabu kinasema nini

Feld anaeleza jinsi mji wa Boulder, jimbo la Colorado, ulivyojaa kampuni za teknolojia. Boulder ni mji wa watu takribani laki moja, kwa hiyo ni mdogo kuliko Moshi mjini. Swali lake ni zuri: mji mdogo namna hii umewezaje?

Jibu lake lina nguzo nne. Kwanza, jumuiya iongozwe na wajasiriamali wenyewe, siyo serikali wala chuo kikuu. Pili, viongozi hao wawe na subira ya muda mrefu, miaka 20 na zaidi. Tatu, mlango uwe wazi kwa yeyote anayetaka kushiriki. Nne, ziwepo shughuli za mara kwa mara zinazowakutanisha watu wa ngazi zote, kuanzia mwanafunzi mwenye wazo hadi mwekezaji aliyebobea. Wengine wote, yaani serikali, vyuo, wawekezaji, washauri na makampuni makubwa, anawaweka kwenye kundi la walishaji. Wanalisha jumuiya lakini hawaiongozi.

Nguzo ya pili naikubali bila mjadala, na kwetu ndiyo tunayoivunja zaidi. Chukua Buni, ule ukumbi wa ubunifu uliopo kwenye jengo la COSTECH pale Sayansi, Kijitonyama. Ulizaliwa ndani ya mradi wa TANZICT, uliofadhiliwa na Finland kwa ushirikiano na serikali yetu kuanzia 2011 hadi 2016. Mradi ulifanya mambo ya maana, na vijana wengi walipita pale. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo hupangwa kabla kampuni ya kwanza haijaandikishwa BRELA. Miaka mitano ni muda wa kutosha kuandika ripoti. Kampuni ya teknolojia mara nyingi huutumia muda huohuo kumtafuta mteja wake wa kweli ni nani.

Kwa hiyo kwenye suala la subira, Feld anastahili kusikilizwa. Shida yangu iko kwingine.

Boulder ilikuwa na nini kabla ya wajasiriamali

Mwaka 1954 Rais Eisenhower alikwenda Boulder kuzindua maabara za taifa za vipimo, ambazo leo ni sehemu ya NIST. Saa za atomu zinazotumika kupima muda rasmi wa Marekani ziko kwenye mji huu. Mwaka 1960 kikaanzishwa kituo cha taifa cha utafiti wa angahewa, NCAR, palepale Boulder. Mwaka 1965 IBM wakafungua eneo lao la kazi karibu na mji. Ongeza Chuo Kikuu cha Colorado, ambacho kipo tangu 1876.

Feld mwenyewe alihamia Boulder mwaka 1995. Alipofika, walipa kodi wa Marekani walikuwa wameshamwaga fedha pale kwa zaidi ya miaka 40. Kulikuwa na maelfu ya watu wenye shahada za juu, maabara, mikataba ya serikali na familia ambazo zilikuwa na akiba benki. Kijana wa Boulder akiacha kazi ili aanzishe kampuni, na kampuni ikafa, anarudi kutafuta ajira kwenye soko lenye waajiri wengi wa taaluma yake.

Sasa ukiuweka mtaji wote huo kwenye kundi la walishaji, halafu sifa ukawapa waliokuja kuandaa vikao vya jioni na mashindano ya wikiendi, umefanya kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa takwimu analijua. Umeona vitu viwili vimetokea pamoja, ukachagua kimoja kuwa sababu ya kingine. Ni sawa na kusema shamba limestawi kwa sababu ya nyimbo za wapaliliaji, bila kutaja mvua wala udongo.

Na kosa hili kwetu lina gharama. Waziri au mfadhili akiamini kwamba jumuiya inajengwa kwa vikao, atalipia vikao. Kikao ni rahisi, kina picha, na bajeti yake inaisha ndani ya mwaka wa fedha. Maabara, mtandao wa malipo na sheria nzuri havina picha.

Kosa la shule za vipaji

Kuna swali kubwa zaidi: tunajuaje kama msaada wowote unasaidia?

Fikiria Ilboru, Kibaha au Mzumbe. Hizi ni shule za serikali zinazochukua wanafunzi wenye ufaulu wa juu sana. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na zikafanya vizuri, je, ni shule iliyofanya kazi au ni watoto waliokuwa vichwa tangu mwanzo? Huwezi kujua kwa kuangalia matokeo peke yake. Ungehitaji kumlinganisha mtoto aliyeingia Ilboru na mtoto wa uwezo uleule ambaye hakuingia.

Vituo atamizi na mashindano ya ubunifu yana tatizo hilohilo. Wanaomba watu 500, wanachaguliwa 10 walio bora, halafu wale 10 wakifanya vizuri kituo kinasema "tumewakuza". Inawezekana kweli mmewakuza. Inawezekana pia wangefika palepale bila ninyi, na inawezekana mmewapotezea miezi sita. Ripoti nyingi haziwezi kutofautisha mambo haya matatu.

Habari njema ni kwamba kuna watafiti waliojaribu kutofautisha, na nchi walizochunguza siyo Marekani.

Chile: fedha na ukumbi havikutosha

Mwaka 2010 serikali ya Chile ilianzisha mpango wa Start-Up Chile. Ilitoa takribani Dola za Marekani 40,000 kwa kila kampuni changa bila kuchukua hisa, pamoja na ukumbi wa kufanyia kazi Santiago. Kampuni chache miongoni mwao ziliongezewa kitu cha tatu: malezi ya karibu. Waanzilishi walipanga malengo, kisha wakakutana mara kwa mara na washauri na wenzao na kuulizwa: mwezi uliopita ulisema utafanya hivi, umefanya?

Watafiti Juanita Gonzalez-Uribe na Michael Leatherbee walitumia mbinu ambayo mimi naiita ya mstari wa kukatia. Kama mstari wa kufaulu ni alama 70, aliyepata 70 na aliyepata 69 wanakaribia kuwa watu wa uwezo mmoja. Tofauti yao kubwa ni kwamba mmoja kapata msaada na mwingine kakosa. Ukiwalinganisha wale wa jirani na mstari, hapo unauona msaada wenyewe unafanya nini, bila kuchanganywa na uwezo waliokuja nao.

Matokeo yao yalichapishwa 2018. Hawakupata ushahidi kwamba fedha na ukumbi peke yake viliboresha maendeleo ya kampuni. Zile zilizoongezewa malezi ya karibu ndizo zilizoonyesha tofauti ya wazi, kwa mfano katika kupata mitaji mipya.

Kama wewe ni mtu wa kumbi za ubunifu, soma aya hiyo mara mbili. Dawati, intaneti ya bure na chai ya saa nne ni vitu vizuri, ila huko Chile havikutosha hata vilipoambatana na fedha.

Nigeria: fedha zilifanya kazi

Usikimbilie kuhitimisha kwamba fedha hazina maana, maana Nigeria inatupa picha nyingine.

Mwaka 2011 serikali ya Nigeria ilianzisha shindano la andiko la biashara lililoitwa YouWiN!. Karibu vijana 24,000 waliomba, na washindi 1,200 walichaguliwa. Waliofanya vizuri kabisa walichukuliwa kwa alama. Lakini washindi zaidi ya 700 walipatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa waliofika nusu fainali. Kila mshindi alipata kwa wastani Dola 50,000, kwa awamu.

Bahati nasibu hiyo ndiyo iliyomwezesha mchumi David McKenzie kufanya ulinganisho ulio safi. Waliopata na waliokosa walikuwa watu wa aina moja, waliotenganishwa na kura tu. Baada ya kuwafuatilia kwa miaka kadhaa, aliona kwamba walioshinda walianzisha biashara zaidi, biashara zao zilidumu zaidi, na mauzo na faida zilikuwa kubwa zaidi. Uwezekano wa kuwa na wafanyakazi 10 au zaidi uliongezeka kwa zaidi ya pointi 20 za asilimia. Hilo ni ongezeko kubwa mno kwa mtu yeyote anayejua biashara nyingi za kwetu zina wafanyakazi wangapi.

Sasa nani mkweli, Chile au Nigeria? Wote wawili. Wengi wa walioingia Start-Up Chile walitoka nje ya nchi, watu wenye uwezo wa kuhamia Santiago na wenye njia nyingine za kupata mtaji. Washindi wa Nigeria walikuwa vijana wenye biashara za kila aina, zikiwemo za viwandani na za huduma za kawaida, katika nchi ambayo benki haimkopeshi mtu asiye na dhamana. Fedha inafanya kazi pale ambapo fedha ndiyo kikwazo. Mahali ambapo kikwazo ni kingine, unamwaga maji kwenye gunia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwetu lingepaswa kuwa: kampuni changa ya Mbeya au ya Zanzibar imekwamishwa na nini hasa? Mtaji? Mteja? Leseni? Fundi programu mzuri? Kwenye mashindano mengi swali hili haliulizwi, kwa sababu zawadi ilishapangwa kabla waombaji hawajajulikana.

Majaji hawaoni mbali kiasi hicho

Kuna matokeo mengine kutoka YouWiN! ambayo binafsi yalinifanya nifunge kompyuta kwa muda. McKenzie na mwenzake Dario Sansone walichukua alama ambazo majaji waliwapa waombaji kwenye maandiko yao ya biashara. Wakaziweka pembeni ya kile kilichotokea miaka mitatu baadaye. Alama za majaji hazikuwa na uhusiano na kudumu kwa biashara, na wala hazikuhusiana na ajira, mauzo au faida. Wakajaribu na mbinu za kisasa za kompyuta kujifunza kutokana na data, nazo hazikufanya maajabu.

Majaji hawa hawakuwa wazembe. Ila kutabiri nani atafanikiwa katika jambo ambalo bado halijakuwepo ni kazi ngumu kupita kiasi. Na kama ni ngumu kwa mtu anayesoma andiko zima, vipi kwa jaji anayemsikiliza kijana kwa dakika tano jukwaani, tena akiongea Kiingereza ambacho hakitumii kuuzia bidhaa yake?

Hapa ndipo nguzo ya tatu ya Feld, ule mlango ulio wazi, inapogeuka kuwa maneno. Fomu nyingi za mashindano nilizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza, zinajazwa mtandaoni, na fainali inafanyika Dar es Salaam. Mlango umefunguliwa kweli, lakini uko ghorofa ya kumi na lifti ni kwa wachache. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, angalau yaliweka makundi ya watu wa sekta isiyo rasmi, shule na vyuo vya ufundi. Hilo ni jambo la kupongezwa na la kuigwa.

Kazi ambayo walishaji tu ndio wanaweza kuifanya

Turudi kwenye dai kwamba serikali ilishe tu na isiongoze. Kwenye kuchagua nani ashinde, sawa, serikali ikae pembeni. Ila kuna kazi ambayo wajasiriamali hawawezi kuifanya hata wakutane kila Alhamisi jioni.

Malipo kwa simu ndiyo mfano wetu wa karibu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, nyuma yake kulikuwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza ya karibu pauni milioni 1, na Benki Kuu ya Kenya iliyokubali huduma ianze huku ikiitazama, badala ya kuizuia hadi sheria itungwe. Hapa kwetu, mwaka 2014 baadhi ya mitandao ya simu ilianza kuruhusu wateja kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao mmoja na mwingine, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kufanya hivyo. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo unaounganisha benki na mitandao. Hakuna mfano wa hundi unaoweza kulinganishwa na hilo. Barabara ikishakuwepo, kila mtu anapitisha gari lake.

Lakini mkono huohuo unaweza kuweka kizuizi barabarani. Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu, za kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala wa kutuma au kutoa, juu ya ada iliyokuwepo. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha zikaendelea kupunguzwa. Fikiria kampuni changa inayonunua mazao na kuwalipa wakulima kwa simu. Mkulima akienda kwa wakala kutoa hela yake anakatwa mara mbili, na hasira zake anazipeleka kwa kampuni. Hesabu za biashara ambazo mwanzilishi alizipanga Juni hazikuwa na maana tena Agosti. Semina ya ujasiriamali haiwezi kumsaidia hapo.

Tunisia walilitazama jambo hili kwa upande wa sheria. Sheria yao ya kampuni changa ya mwaka 2018 inampa mwanzilishi, awe mwajiriwa wa serikali au wa sekta binafsi, haki ya likizo ya kwenda kujenga kampuni yake na kurudi kazini ikishindikana. Pia kuna posho ya kujikimu kwa muda na nafuu ya kodi. Ukiangalia vizuri, sheria hii imegusa kitu ambacho kitabu cha Feld hakina haja ya kukigusa, kwa sababu Boulder kilishakuwepo: nani anabeba hasara?

Huku kwetu jibu linajulikana. Mhitimu anayeanzisha kampuni ana deni la HESLB, ambalo halisubiri kampuni ipate faida. Ana wadogo zake wanaongoja ada. Ana mama ambaye kila Jumapili anaulizwa kanisani kijana wako siku hizi anafanya kazi wapi. Akikaa miaka mitatu kwenye kampuni iliyokufa, hiyo miaka hakuna anayemrudishia. Ndiyo maana nasema suala la kujua kama msaada unasaidia siyo la wasomi peke yao. Tukimwita kijana aingie, tunamwomba miaka yake, na tunatakiwa tuwe na ushahidi wa tunachomwahidi.

Basi tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, na yote yana gharama ndogo kuliko ukumbi wa hoteli.

La kwanza, kila shindano linalotumia fedha za umma liwafuatilie waliokosa kidogo, siyo washindi tu. Kila mwaka, kwa miaka mitatu, wapigiwe simu na kuulizwa maswali matano: biashara ipo? Mna wafanyakazi wangapi? Mauzo yakoje? Mmepata mtaji kutoka wapi? Kikwazo kikubwa ni kipi? Majina yabaki siri, takwimu zitangazwe.

La pili, pale kwenye mstari wa kukatia, tupige kura. Najua litawakera wengi, bahati nasibu inasikika kama dhuluma. Lakini tofauti ya alama 71 na 70 iliyotolewa na majaji waliochoka saa kumi jioni tayari ni bahati nasibu, ila haikuandikwa popote. Wa juu kabisa wachukuliwe kwa alama, walio katikati wapigiwe kura hadharani. Nigeria ilifanya hivyo, na ndiyo sababu leo tunajua kitu.

La tatu, zawadi igawanywe kwa awamu, na kila awamu iambatane na kikao cha kuulizana umefikia wapi. Hapo tutakuwa tumeyaunganisha mafunzo ya Chile na ya Nigeria.

Kitabu cha Feld bado nakipendekeza. Kisome kwa ajili ya ile miaka 20 na kwa ajili ya kuwaamini wajasiriamali waongoze mambo yao. Ukifika mahali kinapoeleza siri ya Boulder, simama, ujiulize nani alilipia ile maabara.

Na kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili unayehangaika na mada ya tasnifu, mada ndiyo hii. Orodha za waombaji wa mashindano ya miaka iliyopita zimo kwenye kompyuta za ofisi za waandaaji, na alama za majaji zimo. Andika barua ya kuomba data, fuata utaratibu wa kibali cha utafiti, kisha anza kupiga simu. Ukipata matokeo, hata yakiwa ni kwamba hakuna tofauti yoyote, tuletee hapa tuyasome.